Papa wa baharini, Papa wa Roma, papa la Peru

Mzaliwa wa Unguja akitajiwa papa, pua hutangulia akili. Papa mkavu haulizwi anauzwa wapi sokoni. Harufu yake humpokea mnunuzi tangu kichochoro cha pili. Kwa vizazi vingi ng'onda huyo alikuja na majahazi ya kaskazi kutoka pwani ya Somalia na Hadhramaut, akiwa amepasuliwa, ametiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka akakakamaa kama ubao. Wapishi wakamroweka, wakamchambua, wakamtia tui la nazi na ndimu, na waliokuwa wameziba pua wakaomba waongezwe.

Ini la samaki huyo nalo halikutupwa. Lilitoa mafuta yaitwayo sifa, ambayo mabaharia walipaka mbao za vyombo vyao ili zidumu majini. Jina la papa mwenyewe likazaa majina mengine: yupo papa upanga, mwenye pua ndefu iliyopangwa meno pande zote mbili, na yupo papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kupita urefu wa mita 12 ilhali anaishi kwa kuchuja vijidudu vya majini. Kule Mafia, ambako huonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, wavuvi humwita potwe. Jina la shilingi limetokana na madoa meupe ya mgongoni. Katika pwani ya Kenya husimuliwa kwamba Mungu alipendezwa na kiumbe huyo, akamrushia sarafu, nazo zikamganda.

Hapo pana kichekesho. Waarabu, walioshirikiana na Waswahili kuvua, kuuza na kula papa kwa karne nyingi, humwita qirsh, na qirsh kwa Kiarabu ni sarafu vilevile. Msikilizaji mwepesi angehitimisha mara moja kwamba samaki na pesa vimetoka tumbo moja. Havikutoka. Qirsh ya sarafu ilifika kwa Waarabu kupitia Waturuki, wanaoiita kuruş, nao waliipata kutoka Ulaya, ambako Wajerumani waliita sarafu yao Groschen, kwa mzizi wa Kilatini wenye maana ya kitu kinene. Ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakiwa yamevaa kanzu ya rangi moja.

Papa naye ana pacha wa namna hiyo, na si mmoja.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe neno halitulii. Moyo wa mtu aliyeshtuka unapapa, na kitenzi hicho hakina habari na samaki yeyote. Magazeti ya Tanzania nayo yameongeza papa wa kisiasa: mfanyabiashara wa dawa za kulevya au fisadi asiyeguswa, ambaye wingi wake ni mapapa, na lalamiko la wananchi halibadiliki, kwamba dagaa wanakamatwa huku mapapa wakiogelea. Mitaani kuna maana nyingine tena, ambayo gazeti linalosomwa sebuleni mbele ya bibi na wajukuu linaiacha hukohuko mitaani.

Mchukue sasa mla papa huyo wa Unguja, umpeleke Goma au Bukavu. Huko samaki wanaojulikana ni wa ziwani, sambaza wakiwa mbele, na papa si chakula hata kidogo. Papa ni mzazi wa kiume. Ni mwanamume yeyote mtu mzima anayestahili heshima: papa mwenye nyumba, papa mwalimu, papa anayepita tu njiani na kusalimiwa. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kinalitumia neno hilo bega kwa bega na baba, na Kilingala cha Kinshasa hakiwezi kupita siku bila hilo. Mwanamuziki Jules Shungu Wembadio, aliyefariki mwaka 2016 baada ya kuanguka jukwaani Abidjan, dunia nzima ilimjua kwa jina la Papa Wemba, na hakuna Mkongo aliyewaza meno wala mapezi.

Wakongo walilizoea neno hilo kupitia Kifaransa. Wafaransa wanalitumia kwa baba wa nyumbani, kama Wajerumani, Warusi na Waholanzi. Waingereza nao walilipenda zamani, na hata leo lipo katika alfabeti ya redio inayotumiwa na marubani na manahodha wa dunia nzima, ambamo herufi P husomwa Papa. Meli inapopandisha bendera ya P bandarini, bendera ya buluu yenye mraba mweupe katikati, inawaambia mabaharia walioko mjini warudi haraka, maana chombo kinakaribia kuondoka.

Halafu yupo Papa mwenye herufi kubwa. Yohane Paulo wa Pili alipozuru Tanzania Septemba 1990, na Fransisko alipokwenda Kinshasa mwishoni mwa Januari 2023, Waswahili na Wakongo walikuwa wakitumia neno moja wakiwa na mazoea mawili tofauti. Kwa Mkongo, Papa Fransisko alikuwa baba mkubwa kuliko mababa wote; neno linajieleza. Kwa Mswahili wa pwani, neno hilo limepangishwa chumba katika nyumba ambayo tayari ina samaki. Ngeli haisaidii: papa amefika, papa ameondoka, papa wawili, wote wamo katika ngeli ya viumbe. Herufi kubwa ndiyo inayomwokoa mhariri, na katika kichwa cha habari kinachoanza na neno hilo, hata hiyo haimfai. Pengine ndiyo maana Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wanapoongea husema Baba Mtakatifu. Kwa bahati njema, tafsiri hiyo imegonga shina lenyewe.

Kwa Kigiriki cha kale, páppas lilikuwa neno la mtoto mdogo la kumwita baba yake. Wakristo wa mwanzo wakalihamisha, wakawaita hivyo viongozi wao wa kiroho, na hapa ndipo msomaji wa Afrika anapopaswa kusogeza kiti karibu. Miongoni mwa maaskofu wa mwanzo kabisa kutajwa kwa jina hilo katika maandishi yaliyobaki ni Heraklas, aliyekuwa askofu wa Alexandria, Misri, kuanzia mwaka 232 hadi 248. Dionisio, aliyemrithi, alimtaja katika barua kama papa mwenye heri, na barua hiyo ikahifadhiwa na mwanahistoria Eusebio. Huko Roma jina lilikuja kukita mizizi baadaye. Katika nchi za magharibi maaskofu wengi waliendelea kuitwa hivyo kwa muda mrefu, hadi mwaka 1075, enzi za Gregori wa Saba, Roma ilipotangaza kwamba jina ni la mmoja tu.

Alexandria haikutii tangazo hilo, wala haijatii hadi leo. Kiongozi wa Wakopti wa Misri ni Papa. Patriarki wa Waorthodoksi wenye asili ya Kigiriki huko huko Alexandria naye ni Papa, tena wa Afrika yote, na waumini wa Kiorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wako chini yake. Kwa hiyo wapo watu wa Bukoba ambao wakisema Papa wanamaanisha mtu wa Misri, na wapo majirani zao wanaomaanisha mtu wa Roma.

Wagiriki wenyewe wamelichezea neno hilo hadi raha. Wakikaza sauti mwishoni, papás, ni padri wa kijijini. Wakikaza mwanzoni, Pápas, ni wa Roma. Ukikutana na Mgiriki aitwaye Papadopoulos, fahamu kwamba ukoo wake ni wa mwana wa padri, kwa kuwa mapadri wa Kiorthodoksi wanaruhusiwa kuwa na mke iwapo walioa kabla ya upadrisho. Waarabu, ambao alfabeti yao haina sauti ya P, wameligeuza likawa al-Baba, na Mswahili akiisikia redio ya Cairo ikimtaja kiongozi wa Wakopti hudhani anasikia lugha ya nyumbani.

Kufikia hapa papa wa Kongo, wa Paris, wa Roma na wa Alexandria wote ni ukoo mmoja. Ni baba tu. Swali linalobaki ni kwa nini lugha nyingi kiasi hicho zimemwita baba kwa sauti ya midomo. Kituruki, Kichina, Kiyoruba na Kiswahili vina baba, Kifaransa na Kirusi vina papa, na hakuna anayeweza kuziweka lugha zote hizo chini ya bibi mmoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanaanthropolojia wa Marekani, George Peter Murdock, alikusanya majina zaidi ya 1,000 ya mama na baba kutoka lugha za mabara yote. Mtaalamu wa isimu Roman Jakobson, Mrusi aliyehamia Marekani, ndiye aliyeyasoma kwa jicho la kipekee. Maelezo yake ni rahisi, na kila aliyelea mtoto anaweza kuyapima. Kabla ya kutimiza mwaka, mtoto hubwabwaja kwa sauti zilizo rahisi kuliko zote: anafunga midomo, anaifungua, irabu a inatoka. Akinyonya au akitaka kunyonya, pumzi hupita puani na m hutokea. Mtoto haiti mtu yeyote. Mzazi aliyekaa mbele yake, amechoka na ana hamu ya kutambuliwa, ndiye anayejipa jina.

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanatabiri fujo pia. Kama mzazi ndiye anayegawa maana, basi mahali fulani mgawanyo utapinduka. Na umepinduka. Kwa Kijojia, lugha ya milima ya Kaukazi, mama ni baba, na mama mzazi ni deda. Papa ni babu. Warusi na Wapoland nao wana neno baba, lakini ni bibi kizee, na haliwafurahishi wanawake wote wanaoitwa hivyo.

Wajapani wamekwenda mbali zaidi. Leo mama kwa Kijapani ni haha, neno lisilofanana na chochote tulichokitaja. Ila h ya Kijapani haikuzaliwa h. Zamani ilikuwa p, ikalegea ikawa f inayopulizwa kati ya midomo miwili, kisha ikaishia kooni. Ushahidi mmoja ni kitendawili kilichomo katika mkusanyiko wa mwaka 1516. Kinauliza ni kitu gani hukutana mara mbili kwa mama na hakikutani hata mara moja kwa baba. Jibu ni midomo. Mjapani wa leo akitega kitendawili hicho hakimwendei, kwa sababu akitamka haha midomo yake haigusani. Wakati huo neno lilikuwa fafa. Rudi nyuma zaidi na utalikuta papa. Yaani papa wa Japani ya kale ni mama. Karne nyingi baadaye neno la Ulaya likaingia tena nchini humo, na watoto wa Tokyo sasa humwita papa baba yao.

Huo ndio ukoo wa midomo ya watoto, na papa wetu wa baharini hayumo. Wala hayumo papa wa Peru.

Huko Andes, katika Kikechua, lugha iliyoenezwa na dola ya Wainka, papa ni kiazi mviringo. Wakulima wa nyanda za juu za Peru na Bolivia, kuzunguka Ziwa Titicaca, walianza kukilima maelfu ya miaka kabla ya Mhispania yeyote kupanda milima hiyo. Walikijua kwa undani ambao sisi wala chipsi hatuwezi kuuwaza. Walikianika usiku kwenye jalidi, wakakikanyaga kwa miguu asubuhi kutoa maji, wakakikausha juani, wakapata chuño, chakula kinachokaa ghalani miaka na miaka. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima mwaka 1971, kinahifadhi zaidi ya aina 4,000. Majirani zao wa karibu wanaosema Kiaimara wakiona kiazi hichohicho husema ch'uqi, na hilo peke yake lingetosha kumwonya anayetaka kumhusisha papa huyu na samaki wa Bahari ya Hindi: neno halikuvuka hata ziwa.

Wahispania walioiteka nchi hiyo kuanzia mwaka 1532 walikuwa tayari na papa wao wawili, wa nyumbani na wa Roma. Wakamwongeza wa tatu. Leo mwanafunzi wa Kihispania huko Lima lazima awe mwangalifu: el papa ni kiongozi wa Kanisa, la papa ni kiazi, na el papá, mkazo ukiwa mwishoni, ni baba mzazi. Jinsia ya neno na alama ndogo juu ya herufi ndizo zinazozuia mtu asimchemshe askofu.

Ukivuka Pasifiki kutoka hapo hadi New Zealand, kiazi kinayeyuka na ardhi yenyewe inajitokeza. Kwa Kimaori papa ni kitu bapa na kigumu: ubao, mwamba, uwanda. Ndiyo sababu Dunia, mama wa viumbe vyote, huitwa Papatūānuku. Masimulizi ya Wamaori yanasema alikuwa amekumbatiana na mumewe, Ranginui, ambaye ni mbingu, kwa nguvu kiasi kwamba watoto wao waliishi gizani, mpaka mmoja wao, Tāne, akalala chali na kumsukuma baba juu kwa miguu. Huko Hawaii, ambako lugha ni ya ukoo huohuo, ubao wa kuteleza juu ya mawimbi ni papa he'e nalu, na mama Dunia ni Papahānaumoku. Jina lake limo katika hifadhi ya bahari ya Papahānaumokuākea, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2010 na kupanuliwa mwaka 2016 hadi kupita kilomita za mraba milioni 1.5. Ndani yake wamo papa wengi, wale wenye meno, nao wanalindwa. Mswahili anaruhusiwa kucheka. Mhawaii hataona sababu.

Je, mfanano huu wote unahitaji siri? Kila baada ya muda huzuka mtu, mara nyingi mwenye sauti kubwa kuliko kamusi, akipanga maneno mawili matatu ya Kibantu kando ya Kimisri, Kiebrania au Kijapani na kutangaza kwamba amegundua tulikotoka. Hesabu inamkatalia. Kimaori kina konsonanti 10 na irabu 5, na silabi zake zote huishia kwa irabu, kama nyingi za kwetu. Silabi fupi zinazowezekana ni 55 tu. Lugha yenye akiba ndogo namna hiyo, inayopenda kurudia silabi, itaunda papa itake isitake, kisha italipa kazi neno hilo. Lugha zilizopo duniani ni karibu 7,000. La ajabu lingekuwa kukosekana kwa mapacha.

Mfano mkali kuliko yote uko Australia. Mtaalamu wa isimu R. M. W. Dixon alipokuwa akiandika Kimbabaram, lugha ya kaskazini mwa Queensland iliyokuwa inakaribia kufa, alielezwa mbwa anaitwaje. Akaambiwa: dog. Alidhani ni Kiingereza. Kumbe neno hilo lilikuwa gudaga katika lugha moja ya jirani, na Kimbabaram kilikuwa kimekata mwanzo na mwisho wa maneno yake kwa utaratibu, si hilo tu bali mengi, mpaka likabaki hivyo. Kiingereza hakikuhusika.

Ila anayekataa kila mfanano naye atakosa samaki wavuni. Kikechua na Kimaori, lugha zinazoshirikiana papa kwa bahati tupu, zinashirikiana neno jingine ambalo si bahati. Kiazi kitamu kwa Kimaori ni kūmara. Katika lahaja kadhaa za Andes ni kumar au k'umara. Tofauti na papa, hapa maana ni ileile, kitu ni kilekile, na kitu hicho asili yake ni Amerika ilhali kililimwa Polinesia kabla Kolumbus hajazaliwa. Mwaka 2020 uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba watu wa Polinesia na wa Amerika ya Kusini walichanganya damu karibu mwaka 1200. Wapo wanaosema mbegu za viazi zilielea zenyewe baharini. Huenda zilielea, lakini hazikuelea na jina.

Pwani yetu ina ndugu wa hadithi hiyo. Mwenye kuuza urojo Zanzibar hatii viazi mviringo bakulini, anatia mbatata. Neno hilo lilianzia kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, wenyeji wa kwanza kukutana na Kolumbus mwaka 1492, na kwao batata ilikuwa kiazi kitamu. Wahispania wakalichanganya na papa la Andes, wakapata patata, ambalo Waingereza waliligeuza kuwa potato. Wareno wakabaki na batata, wakalitembeza katika Bahari ya Hindi hadi Gujarat, ambako bado lipo, na kwa mkono wao au wa wafanyabiashara wa Kihindi likatua Unguja na kuvaa m ya Kiswahili. Malawi mbatata imeendelea kuwa kiazi kitamu, kama ilivyokuwa kwa Wataino, na kile cha mviringo wakakiita mbatatesi.

Papa la Andes lenyewe halikufika huku, maana waliotangulia kwenye pwani hii walikuwa watu wa Lisbon, si wa Lima. Wangetangulia hao wengine, mikahawa ya Forodhani leo ingekuwa na papa wa nazi na papa la kukaanga kwenye orodha moja ya vyakula, na mteja angelazimika kusoma ngeli kabla ya kuagiza.